Arobaini na Tatu za Gati

Ilikuwa ule mwaka ambao vita ya Kagera imekwisha, vijana wamerudi makwao, ila sukari haijarudi. Pale Bunda, kwenye njia panda ya kwenda Kisorya, kahawa ya muuzaji aliyeitwa Kwangu ilinywewa chungu hivyo hivyo, na wanywaji wake walikaa kwenye benchi la baraza ya Clementi fundi cherehani kama watu walioajiriwa hapo. Alikuwepo Enoka, waliyemwita Redio, kwa kuwa yeye ndiye mwenye redio, na kila alichokisikia alikitangaza upya kwa nyongeza. Alikuwepo Mseti Wakili, aliyewahi kuitwa shahidi mara moja kwenye mahakama ya mwanzo, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Clementi mwenyewe alishona huku akibishana, ndiyo maana suruali nyingi za Bunda zilikuwa na mguu mmoja mrefu. Na asubuhi hiyo, pembeni kabisa, alikaa Burito, mkulima wa pamba, ameshika kikombe ambacho kahawa yake ilishapoa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Gati, binti yake Burito, msichana wa chuo cha ualimu, alikuwa amechukuliwa kwenda Afrika Magharibi kurusha kisahani kwenye mashindano ya bara zima. Bunda nzima ilijua namba yake: mia na arobaini, aliyoirusha hapo hapo nyumbani siku ya mchujo. Na kwa kinywa cha Enoka, Bunda nzima ilijua kwamba rekodi ya akina mama wa Afrika kwenye mchezo huo ni hamsini na kitu. Mtu wa mia na arobaini anakwenda kupambana na watu wa hamsini! Wazee walikuwa wameshaanza kugombana kama kombe likae ofisi ya chama au shuleni. Halafu jana jioni redio ikasema Gati amerusha arobaini na tatu.

— Rudia tena, Enoka, — alisema Clementi, na cherehani ikasimama. — Ilisemaje?

— Mara ngapi, bwana? Ilisema Gati Burito wa Tanzania, arobaini na tatu, nafasi ya sita. Halafu betri zikalala.

— Si uliziweka juani?

— Kutwa nzima zilikuwa juu ya bati! Betri za siku hizi zina uvivu wake.

— Arobaini na tatu, — alisema Mseti, akitikisa kichwa. — Kutoka mia na arobaini. Ndiyo ile wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kila nchi aliyopita wamempunguza kidogo.

Burito hakucheka. Mia nzima ilikuwa imepotea njiani na yeye ndiye baba. Tena si aibu tu iliyokuwa inamkaba. Kaka yake mkubwa, Nyamhanga wa Butiama, mfugaji, mtu ambaye neno lake katika ukoo lilikuwa halina rufaa, alikataa jambo hili tangu mwanzo. Alisema msichana akijizungusha vile na chuma mkononi, kizazi kitahama mahali pake, na nani atakuja kumwoa? Burito alimbishia kaka yake mbele ya ukoo mzima, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Mwisho wakakubaliana: aende mara hii moja. Akirudi mzima na jina zuri, aendelee. Akirudi na dosari yoyote, kisahani basi, na mambo yake yote atayaamua Nyamhanga. Na Nyamhanga alikuwa njiani asubuhi hiyo, anakuja kusikia majibu.

— Mimi nasema ni chakula, — alisema Clementi. — Mtoto amekulia ugali wa udaga wa muhogo na samaki furu. Huko wanamwekea mkate na majani. Mkono utatoka wapi?

— Chakula hakiondoi mia nzima, fundi. Kinaondoa kumi, kumi na tano. — Enoka alisogea katikati ya benchi, kama anavyofanyaga akitaka kutangaza. — Ni hewa. Kule ni karibu na bahari kuu. Hewa ya bahari ina chumvi, ina uzito. Ukirusha kitu kinakwenda kinazama, kinazama.

— Kwani sisi hapa hatuna ziwa?

— Ziwa lina chumvi, wewe? Umewahi kupikia dagaa maji ya ziwa, chumvi ikatosha?

— Sikilizeni niwaambie, — alisema Mseti, akinyoosha kidole kama yuko mbele ya hakimu. — Kisahani kina chuma pembeni. Ndiyo au siyo?

— Ndiyo.

— Chuma kinavutwa na nini?

— Sumaku.

— Basi kesi imekwisha! Wale wenyeji wamefukia sumaku chini ya uwanja. Wakirusha wao, inazimwa. Akirusha mgeni, inawashwa.

— Sumaku inazimwaje, Wakili?

— Wewe unajua inavyowashwa? Hujui. Basi usiulize inavyozimwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hapo hata Kwangu, ambaye kazi yake ni kumimina tu, aliweka birika chini. Enoka, akiona anashindwa na sumaku, akapanda juu zaidi. Akasema dunia ni duara, hilo lilifundishwa shule, na huko Magharibi ndiko inakoanza kuinuka ili izunguke upande wa pili. Kwa hiyo Gati alikuwa anarusha kupanda mlima, ila kwa macho mlima hauonekani. Clementi akasema kama ni hivyo hata wale wa hamsini walikuwa wanapanda. Enoka akamjibu kwamba wale wamezoea, wamezaliwa wameinama.

— Na ndege jamani, — aliongeza Mseti. — Mtu akikaa juu kule, damu yote inashuka miguuni. Mkono unabaki mtupu.

— Au... — alisema Kwangu polepole. — Au ni ile kitu aliyosema mzee Nyamhanga.

Clementi alimkonyeza Kwangu, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Burito alilipokea kifuani. Usiku kucha alikuwa amelala nalo hilo hilo. Alimwona binti yake kwenye kitanda cha ugenini, amejikunja, hana wa kumpa hata maji kwa lugha ya nyumbani. Mtu hapotezi mia bure. Ameumia tu, ameumia mahali ambapo baba haulizi.

— Mimi kombe silitaki tena, — alisema Burito. — Wakimrudisha mzima inatosha. Mzima tu, jamani.

Mseti akajaribu kumtuliza, akasema lisemwalo lipo, kisha akajiuma mdomo.

Basi la Musoma lilikuwa limeshasimama ng'ambo ya barabara. Nyamhanga aliteremka na fimbo yake na koti lake la mvua, ingawa mvua haikuwepo, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Kaeni.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba, Burito. Mbona uso umekuwa wa msibani? Mtoto yuko wapi?

— Bado yuko huko. Redio imesema... — Burito aligeuka. — Sema wewe, Enoka.

— Arobaini na tatu, mzee, — alisema Enoka kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

— Na hapa nyumbani alikuwa na ngapi?

— Mia na arobaini.

Nyamhanga aliketi, akaegemeza fimbo ukutani, akapokea kikombe, akanywa. Burito alikuwa anasubiri rungu limshukie. Mzee akafuta mdomo.

— Arobaini na tatu nini?

— Ee, mzee?

— Nauliza, arobaini na tatu nini? Na hizo mia na arobaini, mia na arobaini nini?

— Ni... ni zile zile, mzee. Za kisahani.

— Kisahani ni kimoja, kisahani hakina mia. Nyie mura, mtu akinijia mnadani akaniambia ana ishirini, mimi namuuliza ishirini nini? Madume, mitamba, au ndama? Madume kumi yananunua ndama wangapi? Siwezi kutoa jibu kwa namba iliyo uchi. Ishirini nini?

Tangu mchujo walikuwa wanaitamka ile mia na arobaini mchana na jioni, kwenye kahawa, kwenye mnada, hata kanisani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni za nini.

— Wewe Enoka, — alisema Nyamhanga, — funga macho. Isikie hiyo redio tena. Ilisema neno gani kabla ya arobaini?

Enoka akafumba macho. Midomo ikacheza. — "...amerusha umbali wa... wa mita arobaini na tatu." Mita. Ilisema mita, mzee.

— Na hapa alipima nani?

— Mimi nilishika tepu! — Mseti aliruka. — Tepu ya siku ile haikuonekana, tukaazima ya bwana shamba, ile ya kupimia mistari ya pamba. Mstari kwa mstari futi tatu...

Akajipiga paji la uso.

— Futi, — alisema Clementi.

— Futi, — alisema Burito, na kitu kikaanza kumwachia kifuani, taratibu, kama fundo la nyavu.

Clementi aliivua tepu yake shingoni, ile yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, akaitandika juu ya benchi, watu wakasogeza makalio. Mita moja ilifika futi tatu, ikazidi inchi tatu na kipande. Fundi akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa akaanza kuandika juu ya mbao. Arobaini na tatu mara tatu.

— Mia ishirini na tisa, — alisema Enoka. — Bado haijafika.

Burito aliinama juu ya zile namba.

— Subiri, kuna zile inchi tatu tatu, — alisema Clementi. Akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. — Inakuja... mia thelathini na tisa, na inchi tisa.

— Inchi tatu! — Mseti alishika kichwa. — Mtoto wa watu anakosa kwa inchi tatu!

— Na kipande je? — aliuliza Nyamhanga.

— Kipande kidogo hicho, mzee, thuluthi tu ya inchi.

— Kila mita ina kipande chake?

— Kila mita.

— Basi unakitupaje? Ndiyo maana suruali zako zinakuwaga vile. Weka vipande vyote.

Clementi akaviweka. Vipande arobaini na vitatu vikatoa futi nzima na inchi mbili juu.

— Mia na arobaini, — alisema fundi, — na inchi kumi na moja.

— Maana yake nini? — Burito alisimama. — Clementi, niambie kwa Kiswahili, maana yake nini?

— Maana yake hajapungua, bwana! Ameongeza! Amerusha kupita alivyorusha hapa!

Burito alikaa chini kwa nguvu hata kahawa ya Mseti ikamwagika. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya kaka yake, wala hakuyaficha. — Mzima, — alisema. — Mtoto ni mzima, jamani. Mzima kabisa, Mungu wangu! — Enoka alipiga makofi. Mseti akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alisema sumaku haiwezekani. Kwangu akamimina vikombe vyote bila kuuliza nani analipa.

Nyamhanga alisubiri watulie.

— Na aliyeshika nafasi ya kwanza?

— Hamsini na mbili, mzee. Mita, — alisema Enoka, safari hii akilishikilia lile neno kwa meno. — Walimsifu sana. Walisema ni mama wa watoto wawili, na mdogo kamwacha bado ananyonya.

— Redio ilisema hivyo?

— Ilisema.

— Na wewe ukaliacha.

— Nilikuwa nasikiliza namba, mzee.

Nyamhanga alikizungusha kikombe kidogo mkononi. Burito alijua kaka yake hasemagi "nilikosea". Baba yao pia hakulisemaga.

— Watoto wawili, — alisema mzee hatimaye. — Na mita hamsini na mbili. Haya. — Akawageukia wote. — Sasa niambieni kitu kimoja. Huyu Gati, anarushaje?

Enoka alikuwa amemsikia redioni tu. Clementi alimshonea kaptula, akampima kiuno, basi. Siku ya mchujo Burito alikuwa kwenye foleni ya kuuza pamba.

— Wewe si ulishika tepu? — Clementi alimwambia Mseti.

— Nilikuwa naangalia chini, — alisema Mseti kwa unyonge. — Namba ziko chini.

Mzee akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mdogo wake.

— Baba mzazi, hujui?

— Sijui, kaka. — Burito alijifuta uso kwa mkono wa shati, bado anacheka. — Sijawahi kumwona. Akirudi nitamwomba aturushie. Pale kwangu, nyuma ya nyumba.

— Nyuma ya nyumba si wanafungwaga ng'ombe?

— Ndiyo, kaka.

— Basi waondoe, — alisema Nyamhanga, akasogeza kikombe kwa Kwangu aongezewe. — Nami nitakuja.