Nusu Siku Pisa

Kwenye benchi la Vällingby, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, nje ya kituo cha treni, Juvénal aliitwa Msafiri, kwa sababu tangu atoke Bujumbura safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Sundbyberg, mji wa jirani tu, kung'oa jino. Sasa parokia ilikuwa inampeleka Italia. Basi la mahujaji lingesimama Pisa nusu siku, na Pisa ndiko alikoishi binti yake, Mélissa. Hawakuwa wameonana tangu wagombane: baba alitaka awe daktari, mtoto akaenda kujifunza kukarabati michoro ya kale. Alipomwandikia kwamba anapita huko, alijibiwa neno moja tu la Kiswidi: "Okej." Sawa. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa, ila benchini hakusema hilo. Alisema anataka ratiba. Gaudiose, mpangaji wa kila harusi ya Warundi mjini, akamimina kahawa. Erukana, Mganda aliyeendesha basi la mjini, waliyemwita Injinia kwa kusimamia ujenzi usiomhusu, akasogea karibu.

— Kwanza kanisani, alisema Gaudiose. Msali pamoja. Mtoto akilia, mambo yamekwisha.

— Asipolia? aliuliza Juvénal.

— Unalia wewe.

— Kanisa litangoja! alidakia Injinia. Mnara kwanza. Msafiri, ule mnara umeinama. Kwetu Kampala ukuta ukiinama vile, fundi anatoroka usiku huohuo. Wenzetu wanakata tiketi!

— Uliinama kwa nini? aliuliza Juvénal.

— Wanasema udongo laini. Porojo. Mafundi walicheleweshewa chakula, wakajenga kwa hasira.

— Wewe nawe! alisema Gaudiose. Watalii ndio wameuinamisha. Kila mmoja anapiga picha akijifanya anausukuma. Utaacha kuinama?

— Basi tulisukume na jengo hili la kituo, alisema Injinia, Vällingby itajirike.

— Hapa haliinami, alisema Gaudiose. Manispaa itaitisha mkutano kwanza. Na mkutano wa kuandaa mkutano.

Wakacheka. Juvénal alicheka kuwashinda.

— Sikiliza, Injinia akaendelea. Mkifika juu kabisa, unamshika bega. Unamwambia: binti yangu, hata mnara huu ulipotoka, na bado unapendwa.

— Aliyepotoka ni nani hapo, aliuliza Gaudiose, yeye au baba yake?

Injinia akaona afadhali anywe kahawa.

Ndipo akafika Kevina, mpwa wa Injinia, akitoka kazini kwenye nyumba ya wazee. Akawaamkia, akapewa kikombe, akasikiliza mpango mzima: sala, mnara, hotuba, picha.

— Mzee Juvénal, alisema, Mélissa mwenyewe anapenda nini?

Gaudiose akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Juvénal. Juvénal alijua mtoto alikuwa anapenda chapati za sukari, lakini hiyo ilikuwa kabla hajaota meno ya ukubwani. Alijua vizuri asichokipenda: udaktari. Zaidi ya hapo, kichwa kilikuwa kitupu, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe.

Akasimama, akatoa simu, akapiga mbele ya wote. Mélissa akapokea haraka, akauliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya hofu, nani amekufa.

Juvénal akaumia. Kumbe alikuwa akimpigia kwa misiba tu.

— Hakuna aliyekufa, mwanangu. Nauliza tu. Ukipata nusu siku yako mwenyewe, unapenda kwenda wapi?

Gaudiose akashika rozari mfukoni. Kisha Mélissa akaanza, taratibu, kama mtu asiyeamini ameulizwa. Kulikuwa na ukuta wa kanisa dogo ng'ambo ya mto. Alikuwa anausafisha yeye, na chini ya chokaa uso wa mtu, uliochorwa kale, ulikuwa umeanza kuonekana. Hakuwa amemwonyesha mtu yeyote wa nyumbani.

— Anasemaje? alinong'ona Injinia, akimvuta kiwiko.

Juvénal akampa mgongo, akabana simu sikioni.

— Endelea, alisema. Huo uso ukoje?