Papa Phinées Mumbere na Kambale wa Dirishani

Wachungaji, walimu wenzetu, majirani, na ninyi mliopita mikononi mwake mkiwa watoto, familia imenituma niwasomee njia aliyoipita Papa Phinées Mumbere, nanyi mtuvumilie, maana kuna mahali tutafika ambapo sisi wenyewe hatujui vizuri.

Alizaliwa Luofu tarehe 12 Aprili 1954, mtoto wa kwanza wa Papa Jean-de-Dieu na Mama Antoinette, wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha akaja Butembo kujifunza ualimu, akapata diploma mwaka 1973 na kuanza kufundisha Septemba ya mwaka ule ule. Tarehe 9 Julai 1977 alimwoa Mama Mariette, Mungu akawapa watoto watano, wanne wako hai, na kati yao yumo Hadassa aliyebaki naye hadi mwisho, tena mengi ya haya tumeyapata kwake.

Mwezi wa Februari 1989 darasa lake la tano lilikuwa likitayarisha mchezo wa kuigiza, naye aliwazoeza watoto kuchora kwanza jukwaa na mavazi kabla ya kushona hata uzi mmoja. Katikati ya karatasi walizomletea alikuta sura yake mwenyewe, masikio mapana kama majani ya kabichi, na chini yake jina moja tu, Kambale. Kwetu karibu kila nyumba ina Kambale, mwana wa kiume wa pili, na darasani mle walikuwa watano, lakini kwa hasira alimshika yule aliyeketi dirishani, aliyekuwa na wino vidoleni, akamfukuza, mtoto akaenda akilia na hakurudi tena. Wiki mbili baadaye sura ile ikaonekana tena kati ya michoro ya mavazi, kwa mkono ule ule, na darasani hakuna aliyekiri.

Hapo akajua kwamba amemfukuza asiye na kosa. Alikwenda kwao akakuta wamehama, wengine wakisema Kasindi, wengine Eringeti, na jina lingine la mtoto hakulijua, kwa sababu, kama alivyoungama kwa Hadassa, alizoea kumwita Kambale wa dirishani, na daftari la majina liliungua ofisi ya shule iliposhika moto.

Ndipo alipoanza kukusanya michoro halisi ya teatri, yaani ya michezo ya kuigiza, ya shule na ya makanisa, akilinganisha mikono, kwa kuwaza kwamba akimpata mchoraji, huyo atamwonyesha mwenzake alikokwenda. Hakumpata, ila michoro aliipenda, misitu iliyochorwa kwenye karatasi za mifuko ya simenti, kanzu za wafalme, sura za kuchekesha za machifu na za wachungaji, jumla mia nne na kumi na mbili. Alipopelekwa Beni mwaka 1998 kuwa direkta wa shule, alisafiri nayo juu ya lori, akailaza chini ya godoro, hata Mama Mariette akawa anamuuliza, “Papa, mu hii kitanda tunalala na bafalme bangapi?”

Mwaka 2019 alishikwa na ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu, Novemba iliyopita figo zikadhoofika, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, alituacha katika hospitali moja ya Beni, akiwa amemwagiza Hadassa asikubali azikwe kabla ya Kambale kuombwa msamaha.

Tulitangaza redioni kwamba anatafutwa. Jumatano akafika Kambale mmoja kutoka Kasindi, anayeshughulikia karatasi za mizigo mpakani, akatazama ule mchoro, akacheka mpaka machozi, “Lakini si miye nilichora! Masikio tu ilikuwa yake kweli.” Hadassa alipiga magoti, akaomba msamaha, akasamehewa, na sisi tukashukuru.

Alhamisi akafika mwingine kutoka Eringeti, mkulima wa kakao, akisema Kambale wa dirishani ni yeye, na alipoonyeshwa mwenzake akafoka, “Huyu mutu wa mupaka anadanganya, ni miye nilifukuzwa!” Yule akamjibu, “Ndugu, banafukuzaka batoto kila mwaka, wewe labda ni mwalimu mwingine alikufukuza.” Wamama waliokuwa jikoni wakasema, “Ba-Kambale batatumalizia chakula!” Tuliwauliza wote wawili juu ya dirisha, wino na rangi ya mlango, kila mmoja akakumbuka yote, Mama Mariette naye hakumtambua hata mmoja, tukachanganyikiwa, na hata sasa ninaposoma tungali vile vile.

Hadassa alipiga magoti mara ya pili. Mkulima akamwinua, akasema, “Miaka makumi tatu na sita nangojaka mutu aseme hii neno.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Beni, majirani waliolala nasi kwenye kilio, walimu waliouleta mwili hadi hapa Butembo, na ndugu wa Luofu ambao barabara imewanyima kufika.

Jeneza litabebwa na watu sita, wawili wao wakiwa hao Kambale, mmoja mbele, mmoja nyuma, nasi hatutawauliza tena. Papa Phinées, labda uliyemtafuta ni mmoja wa hao wanaokubeba, labda hayuko, lakini msamaha umeombwa mara mbili na umetolewa mara mbili, basi pumzika kwa amani.