Taa Niliyoiwasha Mwenyewe

Bwana asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mama Paskalina wa Endasak, yule ambaye mtoto wake hupiga kelele katikati ya mahubiri mpaka mnageuka.

Ndugu zangu, Paskalina ana miaka tisa na hajawahi kuniita mama. Hospitali walisema ni usonji, nikakubali. Kilichonishinda ni usiku. Tangu lile tope la mlima lishuke, sisi wa chini ya Hanang hatulali gizani, mnajua wenyewe. Nikanunua taa ya sola, nikaitundika juu ya kitanda chake, iwake hadi asubuhi, ili mlima ukinguruma nimwone nimbebe. Nanyi mlipokuja kuniombea nyumbani mlisema taa isizimwe, giza ni la adui. Nikatii.

Mtoto hakulala! Alizunguka chumbani, akajing'ata, akapiga kichwa ukutani mpaka jogoo awike. Mchana analala shambani kwenye maharage, jioni tunaanza upya. Siku alipotoka tukamkuta barabarani, nikaanza kumfunga mkono kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Mimi, mama yake! Baba yake alisema anakwenda kulima Balangdalalu, mpaka leo analima. Nisiwafiche, nilimwomba Mungu achukue mmoja wetu, na sikujali ni nani.

Mwisho nikafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti. Kuna mahali watu huwafunga watoto kama hawa minyororo na kuwaombea. Nilitoka naye kwenda kumwacha huko. Lakini mkono wake ulikuwa umeoza pale kanga ilipokaza, nikapita zahanati kwanza.

Muuguzi, binti wa Kiislamu aliyehamishiwa kwetu, aliniamkia, akaosha kidonda bila kunikaripia, nami nikamsimulia jinsi mtoto halali. Kisha akauliza, "Mama, taa mnazima saa ngapi?"

Nikamwambia haizimwi.

"Watoto wengi wa usonji usingizi wao ni wa shida tangu mwanzo, mama. Mwanga unaudanganya mwili kuwa bado mchana. Jaribu giza. Asubuhi mtoe juani."

Nilikasirika! Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokasirika. Nikarudi naye nyumbani, nikazima, nikakaa sakafuni nimemshika mguu, nikiusikiliza mlima. Alilia usiku ule, na mwingine, na mwingine. Wiki ya tatu nikamsikia anakoroma.

Ndugu zangu, sikuruka kwa furaha. Nililia! Muda wote ule nilimfunga mtoto kwa sababu ya taa niliyoiwasha mwenyewe.

Hajapona. Hasemi, na ziko siku halali hata gizani. Ila ule mfuko nimeufungua, nguo zake zimerudi kambani. Namshukuru Mungu aliyeumba mchana, akaumba na usiku. Wewe mama mwenye mtoto kama wangu, mtegemee Yeye, na leo uzime taa.

Kovu la kanga bado liko mkononi mwake, naliona kila nikimvisha. Kwa hiyo mkisimama kuomba, msimwombee Paskalina peke yake. Niombeeni mimi niliyemfunga.