Mkono wa Patriaki

Mwaka ule Patriaki, mkuu wa kanisa letu, alipokuwa pia waziri mkuu wa nchi, nilipanda tramu mjini Bukaresti asubuhi ya theluji, nikakaa nyuma ya mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi. Mzee wa kofia ya manyoya aliyekaa kando yake alimwuliza anakwenda wapi na baridi ile.

"Kwa Patriaki," akasema mama. "Polisi wamemchukua mwanangu Sabin, eti siasa. Sasa si serikali iko mikononi mwa mtu wa Mungu? Nitambusu mkono, nimlilie. Atanikatalia vipi?"

"Mama wee! Waliomchukua si watu wa serikali hiyo hiyo?"

"Hao ni wa waziri. Mimi namwendea padri."

"Mkono utakaoubusu ni mmoja tu, mama."

Abiria wakainamia viatu vyao. Siku zile ukitaja polisi, kila mtu alivipenda viatu vyake ghafla.

"Nyumbani sina wa kuzungumza naye," mama akasema polepole. "Jana nimeisemesha sufuria. Wewe bwana unaonekana umesoma. Twende wote, unisemee maneno ya mwanzo tu."

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Na mimi nina kijana, mama. Wangu bado yuko nyumbani."

Tramu ikasimama chini ya kilima cha kanisa kuu, anakokaa Patriaki. Mama akainuka.

"Mungu akuwekee kijana wako," akamwambia, wala hakuwa na kejeli. Akashuka, akaanza kukipanda kilima peke yake.

Abiria wengi walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi, lakini kiti chake hakuna aliyekikalia.