Siku Mke Wangu Alipoacha Kuja Kanisani

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa Arua, na ninyi mliofika leo kutoka Koboko! Sisimami hapa kama mwinjilisti wenu. Nasimama kama mtu aliyefunguliwa.

Kanisa letu ni dogo, mnajua. Tunashika Sabato, na majirani wengine bado wanatuita watu wa Jumamosi. Kwa miaka nilihubiri mpakani Oraba kwa madereva wa malori, nikahubiri sokoni Koboko, nikabatiza. Watu waliingia! Lakini baada ya miezi michache viti vilibaki vitupu. Nikasema ni shetani, nikahubiri kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha Jumamosi moja mke wangu, Ayikoru, akabaki nyumbani. Ya pili, vilevile. Ya tatu! Ndugu zangu, niliona aibu, nikakasirika wiki nzima. Halafu hasira ikaisha, sijui vipi kama si Roho wa Mungu, nikabaki na swali tu. Nikaketi naye jikoni akichambua mboga.

"Mama, niambie. Kwa nini?"

Akasema, "Mimba ilitoka, wewe ulikuwa Koboko kwa mkutano. Uliporudi uliniuliza kama nimefua kanzu za ubatizo."

Sikumbuki kuuliza hivyo. Lakini nilijua ni kweli. Sikumwomba arudi kanisani, nilimwomba anisamehe. Siku ya tatu akasema, "Mimi si wa kwanza. Enda uulize wengine."

Nikaenda Pajulu, nikamkuta Mama Candiru akipalilia mihogo. Nilikuwa nimembatiza mwaka uliotangulia.

"Sikuja kukurudisha," nikamwambia. "Nataka kujua tu."

Akaegemea jembe lake. "Siku ya maji muliimba sana. Nyumbani ndugu zangu wakasema nimetupa ukoo. Baba alikufa, nikakaa kwa matanga, hakuna anayesema na mimi. Nilitazama njia. Mutu wa kanisa hakuna."

"Ulitaka tufanye nini?"

"Kukaa na mimi. Iko kazi ngumu?"

Nikaomba jembe la pili. Tulipalilia mpaka jua likawa kali, na kwa mara ya kwanza sikuhubiri neno!

Ndugu zangu, nilidhani naokoa watu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Bwana alinifungua masikio kupitia mke wangu! Ayikoru alirudi baada ya miezi minne, yule pale na kitambaa cha bluu. Mama Candiru hajarudi. Anasali na dada zake kwenye kanisa lao la zamani, nami bado namtembelea. Kwa nini huyu anabaki na yule anaondoka? Bado nauliza, na kila nyumba inanifundisha.

Namshukuru Mungu, nanyi mmenivumilia. Mtumaini Yesu, wewe unayesitasita leo. Na kama tumekuumiza, usiondoke kimya kwa kuogopa kutuudhi. Tuudhi! Mimi niliudhiwa jikoni kwangu, nikapona.