Mpira Uliopelekwa Kwenye Kibendera

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda cha sabuni, na ninyi wachezaji wake mliojipanga pale ukutani kana kwamba mnangoja kutajiwa kikosi, naomba walioko juani wasogee chini ya turubai, kwa maana familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya kaka yangu, na mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kuinama, sauti yangu haifiki mbali. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Kona, jina ambalo hakupewa na mama yetu, na ambalo shemeji yangu hakuruhusu litamkwe ndani ya nyumba yake hata kwa utani, kwa hiyo mimi nitamwita kaka, na asiyeridhika atanisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali alikokuwa akifanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mimi nikiwa kitinda mimba, kwa hiyo habari za kuzaliwa kwake nazisema kwa kusimuliwa. Mama alikuwa akituambia kwamba kaka alichelewa kutembea, si kwa ugonjwa bali kwa uangalifu, alishika ukuta kwanza, kisha kiti, kisha nguo ya mtu anayepita, wala hakuachia kimoja kabla ya kukamata kingine. Tabia hiyo, ndugu zangu, alikua nayo na amekwenda nayo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza mwaka 1965, kisha akasomea ufundi wa mitambo kwa miaka miwili katika chuo kilichokuwa ng'ambo ya reli, na huko kote alikuwa kipa, kipa hodari, ila wa ile aina ya makipa wasiotoka golini hata mpira ukiwaita kwa jina. Alipoulizwa kwa nini hatoki, alijibu kwamba goli halina miguu, lazima mtu abaki nalo.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kwanza kama kibarua wa chumba cha matangi, baadaye fundi, na mwishoni msimamizi wa zamu, na huko alitumika mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2005, bila onyo wala ajali, miaka yote hiyo akirudi nyumbani ananukia sabuni hata akawa mwanamume pekee mtaani ambaye mkewe hakuwahi kumwambia aende akaoge.

Mke huyo, shemeji yangu, mjane wetu aliyeketi hapa mbele, alikuwa akipanga miche ya sabuni kwenye maboksi katika chumba cha jirani, na walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1972, baada ya kaka kumzungukazunguka miaka miwili mizima bila kutoa neno, mpaka shemeji mwenyewe akamuuliza mbele ya wenzake kama anakuja au anasubiri kwanza matokeo ya timu nyingine. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1973, ambaye ni muuguzi, mwana wa kiume tarehe 22 Aprili 1975, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na binti wa mwisho mwaka 1980, ambaye ni mwalimu, na wote watatu wako hapa.

Mwaka 1984 kiwanda kilimkabidhi timu yake ya mpira, iliyokuwa daraja la pili, timu ya watu wanaotoka zamu saa tisa alasiri na kuingia uwanjani saa tisa na nusu, kwenye kiwanja kilichobanwa kati ya ghala na mtaro wenye povu, ambapo mpira ukitumbukia unarudi msafi kuliko mchezaji. Jezi nilishona mimi. Timu ikishinda ilipewa katoni ya sabuni na ikifungwa nusu katoni, kwa kuwa meneja alisema hata aliyefungwa hana budi kuoga, na chini ya kaka yangu katoni nyingi zilikuwa robo tatu, kwa maana alikuwa mtu wa sare. Kabla ya kila mchezo aliwaambia vijana kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote, akawapanga mabeki watano, na kwa miaka kumi na miwili timu haikupanda wala haikushuka, ikakaa katikati ya msimamo kama mtu aliyekaa katikati ya benchi la hospitali.

Sasa, kwenye karatasi niliyopewa, hapa pameandikwa kwamba marehemu alipata mafanikio na changamoto katika michezo. Nawaomba radhi mabinti zangu walioiandika, lakini sentensi hiyo siisomi, kwa sababu hakuna mtu chini ya turubai hili asiyejua kilichotokea, mmekuwa mkinong'onezana tangu asubuhi, na heri kisemwe na mtu wa nyumbani anayekijua sawasawa kuliko kuachiwa wale wanaokiongezea chumvi.

Msimu wa 1996 mwanawe wa kiume alikuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja, akifanya kazi kwenye mashine ya kukata miche, na akicheza mshambuliaji wa kati, na kijana huyo alikuwa na kitu ambacho baba yake hakuwa nacho, akiliona goli anakwenda. Kaka hakujua amfanyeje. Alimkemea mazoezini, akamwita mwenye pupa, na usiku alikuja kwangu kusimulia mabao yake moja baada ya jingine kama anayesimulia ndoto, na kwa mabao hayo tukajikuta, siku ya mwisho ya ligi, Jumapili tarehe 24 Novemba 1996, tunaongoza daraja la pili kwa pointi moja, timu ya reli ikitufuata, na nafasi ya kupanda daraja la kwanza ni moja tu. Tukishinda tumepanda. Tukitoka sare, tumepanda iwapo reli nao hawakushinda mchezo wao, uliokuwa mji mwingine. Na meneja alikuwa ametamka mbele ya wafanyakazi wote kwamba tukipanda kiwanda kitatujengea uwanja, na tusipopanda atafikiria upya kama sabuni inahitaji mpira.

Michezo yote miwili ilipangwa kuanza saa kumi kamili, ndivyo sheria ilivyo siku ya mwisho, ili mmoja asicheze kwa kujua ya mwenzake, na kaka, kwa kuwa ni yule yule wa kushika ukuta, alimweka mtunza vifaa kwenye benchi na redio sikioni. Zikiwa zimebaki dakika chache tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, beki wetu mmoja ametolewa kwa kadi nyekundu, waliobaki ndimi nje, na mtunza vifaa akapaza sauti kwamba kule reli bado ni bila kwa bila. Kaka akatazama saa. Kwa hesabu yake, na kwa hesabu ya kila mtu mwenye akili pale, mchezo wa kule nao ulikuwa ukingoni, na sare mbili zilitutosha.

Ndipo mwanawe alipoupata mpira katikati ya uwanja, akampita wa kwanza, akampita wa pili, mbele yake akabaki kipa peke yake, na mimi niliyekuwa nyuma ya benchi nilimsikia kaka akipiga kelele ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada, kona, peleka kona. Kijana aligeuza shingo akamtazama baba yake. Kisha akatii. Aliupeleka mpira kwenye kibendera, akaukinga kwa mgongo, wapinzani watatu wakimsukuma na kumpiga mateke ya vifundo, akaulinda mpaka kipenga cha mwisho, na kazi ile aliifanya vizuri sana, hilo nalo lisemwe.

Tulimbeba kaka mabegani. Tulimzungusha uwanja mzima, meneja akicheza na viatu vyake vizuri kwenye tope, na tulikuwa tukizunguka mara ya pili tulipomwona mtunza vifaa amebaki peke yake kwenye benchi, redio bado sikioni, hachezi. Kule mji mwingine nyavu za goli moja zilikutwa zimechanika, mwamuzi akakataa kuanzisha mchezo mpaka zishonwe, wakaanza kwa kuchelewa robo saa, jambo ambalo mtangazaji alilisema mwanzoni, wakati mtunza vifaa anahangaika kutafuta betri. Reli walifunga katika robo saa ile iliyokuwa imewabakia. Tulimteremsha kaka taratibu, mmoja alimshika mguu, mwingine mkono.

Siku ile ile mtu mmoja, ambaye namwona hapa leo na simtaji, alimwita Kona, na jina likashika. Msimu uliofuata timu ilicheza kama watu waliofiwa, ikashuka daraja la tatu, na Januari 1998 kiwanda kikaivunja, kiwanja kikawa maegesho ya malori, ndiyo hapo yanapoegeshwa mpaka sasa.

Lakini mimi sikusimama hapa kulilia timu. Yule kijana alikuwa na mtu wa daraja la kwanza aliyekuja kumtazama siku ile, akiandika, na aliondoka akisema kwamba ameona mlinzi mzuri wa mpira ila alikuja kutafuta mfungaji. Mwaka uliofuata hakuvaa jezi, akajifunza kuendesha lori, akaondoka. Hawakugombana, laiti wangegombana, ugomvi una mwisho wake. Alipiga simu sikukuu zikifika, akaongea na mama yake, akasema msalimie mzee, na mzee akasema naye msalimie, na salamu hizo zilikwenda na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini bila kubeba kitu.

Na kaka alikuja kwangu. Aliketi kwenye stuli kando ya cherehani, akaokota vipande vya vitambaa chini, akavikunja, na kila alipokuja, mazungumzo yakizunguka bei ya vitu na magoti ya uzee, yaliishia palepale, kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi kwa alichokijua, na nilipokubali kwamba ilikuwa sahihi, alitikisa kichwa na kusema yule mtoto angefunga. Nilimsikia si mara moja wala mara mbili. Nilimwambia aende akamwambie mwenyewe, kwamba maneno ya baba hayatumwi kwa mdomo wa baba mdogo, na mpaka leo naona nilisema haki, ingawa haki hiyo haikumsaidia mtu. Alisema atamwambia akija, asije akamwambia kwa simu akamvuruga akiwa barabarani. Alikuwa anashika ukuta.

Tarehe 11 Agosti 2021, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, kaka alipatwa na kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia na usemi wake wote. Mwanawe aliegesha lori, akaja, na hakurudi barabarani tena, alimwosha baba yake, akamlisha, akamgeuza kitandani kwa mwaka mmoja na nusu, na majirani ni mashahidi. Kaka kila alipomwona mwanawe aliinua mkono wa kushoto na kuusukuma mbele, mbele, mbele, huku mdomo ukihangaika, na mtoto akadhani anataka mlango ufunguliwe, akaufungua, kisha akadhani ni dirisha, akalifungua nalo, na kaka akafumba macho machozi yakimtoka. Mimi si daktari, siwezi kuapa alitaka kusema nini. Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 2 Februari 2023 hali ilibadilika, akakimbizwa hospitali ya rufaa, na alifariki dunia alfajiri, mkono ule wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomwita mzee wetu na si mgonjwa wa kitanda fulani, inawashukuru majirani mliochota maji na kupika tangu msiba ulipoingia, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa chumba cha matangi, inawashukuru wachezaji mlioomba kubeba jeneza, na naomba safari hii mmteremshe taratibu kama mlivyomteremsha siku ile. Inamshukuru pia mtunza vifaa, ambaye ameketi pale nyuma kabisa, sogea mbele, baba, kaka hakukulaumu hata siku moja.

Karatasi yangu imekwisha, ila nina neno moja ambalo halimo, na sasa halina mdomo mwingine wa kupitia isipokuwa huu wangu. Mwanangu, simama nikuone. Baba yako alisema ungefunga. Aliyasema hayo kwenye stuli yangu kwa miaka mingi, akiwa na akili zake timamu na usemi wake wote, na mimi baba yako mdogo nayasema mbele ya watu hawa ili yasikilizwe na asiwepo wa kuyapunguza, kwamba ungefunga, na kwamba alijua.

Kaka, limefika. Pumzika kwa amani.