Bibi Si Kitabu
Mwalimu wa fasihi aliketi kwenye treni ya asubuhi, amepakata insha za mwaka wa kwanza. Moja ilimkera. Mwanafunzi alizieleza vizuri nyimbo za kupalilia za kwao, ila hakutaja chanzo hata kimoja. Mwalimu akatia sifuri, na mama mshonaji aliyekaa kando yake akaguna.

"Samahani mwalimu, macho hayana pazia. Kakosa nini?"

"Hakusema habari kazitoa wapi, mama. Chuoni huo ni wizi."

"Si kaandika hapo, bibi yake ndiye aliyemwimbia?"

"Bibi si kitabu."

"Na hicho kitabu mnachofundisha, mwandishi wake nyimbo alizitoa wapi?"

Jibu mwalimu alilijua: kwa kina bibi ambao majina yao hayakuchapwa popote. "Utaratibu ni utaratibu," akasema, kwa sauti ya chini.

"Haya. Basi aandike jina la bibi yake. Yule naye ni mtu."

Treni ikasimama, mshonaji akashuka na furushi lake la vitambaa. Mwalimu akarudi kwenye insha, akalitafuta jina hilo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Halikuwepo.